Zoezi la kuinua nyonga: Imarisha makalio bila kuumiza mgongo

Ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaoamka alfajiri, wakaketi ndani ya matatu saa nzima katika msongamano wa magari, wakafika kazini na kuketi tena hadi jioni, kisha wakarejea nyumbani na kuketi mbele ya runinga, basi kuna misuli mwilini mwako ambayo huifanyii lolote ila kuikalia. Misuli hiyo ni ya makalio. Ni ajabu kwamba msuli mkubwa kuliko yote katika mwili wa binadamu ndio aghalabu unaosahaulika, na unapokumbukwa huwa ni kwa ajili ya umbo na urembo tu, wala si kwa ajili ya kazi yake.

Kazi yenyewe si haba. Kila upande una misuli mitatu iliyopandana. Ule mkubwa wa juu ndio unaonyoosha nyonga: ndio unaokuinua kutoka kitini, unaokupandisha ngazi siku lifti inapoharibika, na unaokusaidia kuinuka na mtungi wa maji mkononi. Ile miwili midogo iliyo chini yake huzuia nyonga isilale upande mmoja kila unapokanyaga kwa mguu mmoja. Mwaka 2006, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba msuli huo mkubwa hufanya kazi kidogo tu mtu anapotembea mahali tambarare, lakini huamka kwa nguvu anapokimbia. Maana yake ni kwamba kutembea kutoka nyumbani hadi steji, ijapokuwa kuna faida kwa moyo, hakutoshi kuutia nguvu. Msuli huu unataka mzigo.

Usipopewa mzigo hulegea, na unapolegea kazi yake haiachwi bali husukumiwa majirani, yaani misuli ya kiuno na ile ya nyuma ya mapaja. Ndiyo sababu mtu aliyezoea kuketi anaweza kuinama kuokota gunia dogo tu akajikuta ameshika kiuno. Kwa wazee hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa anayeshindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono yu karibu na kuanguka, na mzee akivunjika nyonga maisha yake hubadilika. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli mikubwa yote nguvu angalau siku 2 kwa wiki, mbali na zile dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa kasi au kazi nyingine ya kutoa jasho.

Miongoni mwa mazoezi yanayoulenga msuli huu moja kwa moja ni lile la kuinua nyonga kwa chuma, ambalo wakufunzi wa jimu huliita hipu-thrasti. Unaketi sakafuni, unaegemeza mgongo wa juu kwenye benchi, unaweka chuma chenye sahani za uzani juu ya nyonga, kisha unainua nyonga hadi mwili unakuwa kama meza. Ukiliona kwa mara ya kwanza huenda ukacheka. Hata hivyo, ni zoezi lenye nguvu, na kwa sababu hiyo hiyo laweza kumwumiza anayelifanya ovyo.

Zoezi hili si kongwe kama kuchuchumaa na chuma mabegani. Lilipata umaarufu kupitia kwa Bret Contreras, mkufunzi wa Kimarekani aliyeanza kulifanyia majaribio mwaka 2006 na ambaye, mwaka 2011, alilieleza pamoja na wenzake katika jarida la wataalamu wa mazoezi ya nguvu. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mtu anayechuchumaa na chuma mabegani hulemewa zaidi akiwa chini. Akishasimama wima, makalio yake hayana kazi kubwa tena. Katika zoezi hili mambo ni kinyume: mzigo hulemea makalio hata pale nyonga inaponyooka kabisa, mahali ambapo msuli huo una nguvu zake nyingi.

Je, ni kweli kwamba linashinda kuchuchumaa, kama wengi wanavyodai? Mwaka 2023 watafiti nchini Marekani, Contreras mwenyewe akiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo ya vijana 34 wasiokuwa na mazoea ya kunyanyua uzani. Kundi moja lilichuchumaa na chuma, jingine likainua nyonga, kwa wiki 9. Picha za MRI zilionyesha kwamba makalio ya makundi yote mawili yalikua karibu sawa, huku mapaja ya waliochuchumaa yakikua zaidi. Kwa hivyo anayekuambia kwamba hili ndilo zoezi pekee la makalio anakupotosha. Faida yake ni kwamba linayapa makalio kazi bila kuweka chuma mabegani, na bila kuyachosha sana mapaja. Mwenye magoti yasiyovumilia kuchuchumaa sana huenda akalipenda.

Wanaume wengi hulikwepa wakidhani ni la akina mama. Akina mama nao, hata wanaolitaka, huona haya kulifanya mbele za watu. Haya hiyo inaeleweka, maana jimu nyingine zimejaa macho yasiyokuwa na kazi. Pangia benchi mahali ambapo utatazama ukuta, au chagua saa ambazo watu ni wachache. Hiyo ni afadhali mara mia kuliko krimu na vidonge vinavyouzwa mitaani kwa ahadi ya kuongeza makalio. Hakuna krimu inayojenga msuli. Na sindano za kujaza makalio, zinapodungwa na watu wasio madaktari, zimeua watu katika nchi kadhaa.

Anza bila chuma

Kosa kubwa la wageni wa jimu ni kuanza na chuma siku ya kwanza. Mwili uliozoea kuketi haujui kuyaamrisha makalio yafanye kazi. Ukiubebesha uzito utatumia kiuno. Kwa hivyo anzia nyumbani, juu ya mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyayo zote mbili ziwe sakafuni kwa upana wa nyonga, visigino vikiwa umbali wa kiganja kimoja hivi kutoka kwenye makalio. Kaza tumbo, kisha sukuma sakafu kwa visigino na uinue nyonga mpaka magoti, nyonga na mabega viwe mstari mmoja. Bana makalio, hesabu moja, mbili, kisha teremka polepole.

Sasa jiulize: nimelisikia wapi? Weka vidole juu ya makalio ukiwa juu. Yawe magumu kama tairi lililojazwa upepo. Ikiwa badala yake ni kiuno kinachouma, umeinua kupita kiasi na kuupinda mgongo, punguza. Ikiwa ni nyuma ya mapaja panapokaza na kutaka kushikwa na kishamba, miguu iko mbali mno, ivute karibu. Fanya hivyo mara 15, upumzike, urudie hadi seti 3, siku 2 au 3 kwa wiki. Watu wengi huhitaji wiki mbili kabla ya mwili kushika somo. Baada ya hapo egemeza mgongo wa juu kwenye kochi lililosimama imara na ufanye vivyo hivyo bila uzito wowote. Ukiweza seti 3 za mara 15 hivyo, huku makalio ndiyo yanayochoka kwanza, uko tayari kwa chuma.

Kupanga vifaa

Chuma kirefu cha kawaida katika jimu kina uzito wa kilo 20 kabla ya kuongezwa sahani yoyote. Huo ni uzito wa mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Vipo pia vya kilo 15, ambavyo huwafaa wanawake na wanaoanza, na vifupi vilivyo vyepesi zaidi. Uliza kabla ya kubeba, usikisie.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba ukubwa wa sahani ni muhimu kama uzito wake. Sahani pana za kilo 20 huwa na kipenyo cha sentimita 45, na zipo za mpira za kilo 10 au hata 5 zenye upana uo huo. Kwa sahani hizo chuma hukaa zaidi ya sentimita 20 juu ya sakafu, na hivyo mtu aliyeketi amenyoosha miguu anaweza kukiviringisha juu ya miguu yake hadi kwenye nyonga bila kukinyanyua. Ukiweka sahani ndogo, chuma kitakuwa chini sana na kitakwama kwenye miundi au mapaja. Hapo wengi hukivuta kwa nguvu wakajichubua, au hukiinua kwa mikono huku wamepinda mgongo, nao huo ndio mwanzo wa maumivu. Ikiwa hakuna sahani pana, inua chuma kwa kuweka sahani nyingine au vipande vya mbao chini ya kila upande, au waombe watu wawili wakukalishie chuma kwenye nyonga na wakuondolee ukimaliza. Ni muhimu zaidi wakuondolee, kwa sababu chuma chenye sahani ndogo kinaweza kukulalia ukashindwa kutoka.

Benchi nalo lisiwe refu mno. Keti sakafuni ukiliegemea: ukingo wake ukuguse chini kidogo ya makombe ya mabega, yaani ile mifupa mipana miwili ya mgongoni. Kimo cha sentimita 35 hadi 40 huwafaa watu wengi, lakini mabenchi mengi ya jimu hupita hapo, na mtu mfupi hujikuta akiegemeza shingo. Dawa yake ni kukalia mikeka kadhaa iliyopangwa na kuinua nyayo kwa kiasi hicho hicho, au kutafuta kile kijukwaa kifupi kinachotumiwa kwa mazoezi ya muziki. Kisha hakikisha benchi halitelezi. Lisukume hadi liguse ukuta, au uweke sahani nzito nyuma ya miguu yake. Benchi linaloteleza wakati umebeba kilo 60 hukuangusha kwa mgongo, na hakuna ustadi utakaokuokoa.

Kati ya chuma na mwili wako weka mto mnene wa sponji, wa aina ile inayozungushiwa chuma. Leso iliyokunjwa haitoshi. Ngozi itavimba damu, na mbaya zaidi utaanza kuinua nusu nusu kwa kukwepa maumivu. Chuma kikae kwenye kinena, pale ambapo paja hukunjana na tumbo, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kikipanda tumboni kitabana matumbo na kukukatiza pumzi. Kikishuka mapajani kitateleza kuelekea magotini. Ukihisi ganzi upande wa nje wa paja, huenda chuma kinabana neva inayopita hapo. Kishushe na ukipange upya. Tia vibano kwenye ncha zote mbili hata kama uzito ni mdogo, maana nyonga ikiyumba sahani huteleza na chuma hupinduka.

Viatu viwe vya soli ngumu na bapa. Vile vya kukimbia, vyenye soli nene ya sponji, huyumbisha kisigino.

Kuinua kwenyewe

Kabla ya yote pasha mwili moto kwa kutembea haraka dakika 5 hadi 10, kisha fanya lile zoezi la mkekani mara 10 au 15.

Keti, egemea benchi, viringisha chuma hadi kwenye kinena na ukishike kwa mikono miwili, kisipande wala kisishuke. Panda miguu kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vikielekea nje kiasi. Kuna kipimo kimoja kisichodanganya: nyonga ikiwa juu kabisa, miundi isimame wima kama nguzo na goti lifanye pembe ya nyuzi 90. Miguu ikiwa karibu mno na benchi, magoti hupita vidole na kazi huhamia mbele ya mapaja. Ikiwa mbali mno, kazi huhamia nyuma ya mapaja. Jaribu bila uzito kwanza, mwambie mwenzako akutazame kutoka ubavuni, na ukishapata mahali pako weka alama sakafuni kwa chaki.

Sasa vuta pumzi, jaza tumbo hewa na ulikaze kama mtu anayetarajia kupigwa ngumi. Shusha kidevu kidogo na macho yatazame mbele, juu ya magoti. Sukuma sakafu kwa wayo wote, uzito ukielemea kisigino, na nyonga ipande. Mbavu zishuke kuelekea tumboni, zisitokeze juu. Mgongo wa juu ujipinde kwenye ukingo wa benchi kama mlango kwenye bawaba zake. Usiteleze kwenda juu wala chini. Mapaja na kiwiliwili vikishakuwa sambamba na sakafu, bana makalio, hesabu sekunde 1, toa pumzi, kisha teremka kwa sekunde 2 au 3. Usiachilie chuma kianguke na kurudi juu kwa kudunda. Kushuka polepole nako ni zoezi.

Hapo kwenye kidevu ndipo wengi wanapoharibu. Utamwona mtu amebeba sahani nne, anapofika juu anatupa kichwa nyuma, anatazama dari, mbavu zimechomoza na kiuno kimepinda kama upinde. Yeye anadhani ameinua juu zaidi ya wenzake. La hasha! Nyonga zake ziliacha kunyooka zamani. Kilichoongeza kimo ni pingili za uti wa mgongo wa chini kubanana kwa nyuma huku zimebeba uzito wote. Akirudia hivyo mara 10, seti 3, wiki baada ya wiki, mgongo utamdai. Kidevu kikiteremka na macho yakabaki mbele, ni vigumu sana kufanya kosa hilo. Ukitaka kujipima, mwombe mtu akupige picha ya video kwa simu kutoka ubavuni: ukiwa juu, mstari kutoka mbavu za chini hadi gotini uwe bapa, usiwe na kilima tumboni.

Kosa jingine ni magoti kuelekeana. Hii ni dalili kwamba ile misuli midogo ya pembeni imelegea, au uzito umezidi. Zungusha utepe wa mpira juu kidogo ya magoti na uyasukume magoti nje dhidi yake, ila upunguze uzito kwanza. Mwenye kupanda juu ya vidole vya miguu naye apunguze. Kwa jumla, karibu kila kosa la zoezi hili lina baba mmoja, nacho ni kiburi cha sahani.

Huenda uzito ukakushinda katikati. Usijipinde upande mmoja wala usijaribu kukitupa chuma. Teremsha makalio moja kwa moja hadi sakafuni. Kama sahani ni pana, ndizo zitakazogusa sakafu na kubeba uzito, na hapo utakiviringisha chuma kuelekea miguuni na kutoka. Lifanyie jambo hili mazoezi na chuma kitupu siku ya kwanza, kabla hujalihitaji. Ukifanya peke yako, ile mashine ambayo chuma chake hupita katika reli mbili na kina kulabu za kukizuia ni salama zaidi, na hakuna aibu kuitumia.

Uzito gani, mara ngapi

Kwa anayeanza, chuma kitupu chatosha wiki ya kwanza. Fanya seti 3 za mara 8 hadi 12, ukipumzika dakika 2 baina ya seti, siku 2 kwa wiki zilizoachana kwa saa 48 au zaidi. Kwa mfano Jumanne na Ijumaa. Uzito unaofaa ni ule unaokuachia nguvu ya kuinua mara 2 tu zaidi unapokoma. Ukiweza mara 12 katika seti zote bila umbo kuharibika, ongeza kilo 2.5 hadi 5 kwa jumla, urudi mara 8, uanze kupanda tena. Utashangaa jinsi uzito unavyopanda upesi. Makalio ni msuli wenye nguvu, na baada ya miezi michache mtu wa kawaida anaweza kuinua uzito unaokaribia wake mwenyewe. Usiruke hatua kwa sababu jirani yako ameruka.

Nguvu huja kabla ya umbo. Wiki za mwanzo utaona ngazi zimekuwa nyepesi, lakini kioo hakitasema kitu. Mabadiliko ya kuonekana huanza baada ya wiki 8 hadi 12 hivi, tena kwa anayekula vizuri. Maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena hujenga msuli vyema, na si lazima ununue ule unga wa makopo unaouzwa kwa bei ya kodi ya nyumba.

Maumivu ya uchovu kwenye makalio kuanzia siku ya pili hadi ya tatu ni ya kawaida, na hupungua kadiri unavyozoea. Maumivu ya kiuno si ya kawaida. Yakitokea, rudi mkekani wiki nzima na uanze upya na uzito wa nusu. Yakiendelea, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Sheria ya mwaka 2014 iliweka baraza la kuwasajili wataalamu hao nchini Kenya, kwa hivyo una haki ya kumwuliza anayekuhudumia kama amesajiliwa. Mkufunzi wa jimu, hata awe hodari namna gani, si tabibu.

Wapo watu wasiofaa kulianza zoezi hili kabla ya kumwona daktari. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni mmoja wao, kwa sababu kubana pumzi wakati wa kunyanyua hupandisha shinikizo ghafla. Hata likiwa limedhibitiwa, atoe pumzi kila anapoinua, asiizuie. Mwenye ngiri vilevile, na aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au wa nyonga. Mama mjamzito asiweke chuma juu ya kinena. Kuna mazoezi mengine mengi yanayomfaa, na mkunga au daktari atamwelekeza. Aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, asubiri ruhusa ya daktari wake, kisha aanzie mkekani kama mgeni ingawa hapo awali alikuwa akiinua kilo 80.

Mwenye maumivu yanayoanzia kiunoni na kuteremka nyuma ya paja hadi mguuni asilifanye mpaka apimwe, kwani huenda neva ya mgongoni inabanwa. Na iwapo wakati wowote, uwe umefanya zoezi au hujafanya, utahisi ganzi baina ya mapaja pale unapokalia tandiko la baiskeli, miguu ikalegea, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura. Hali kadhalika mkojo unaogeuka rangi ya chai isiyotiwa maziwa siku moja au mbili baada ya mazoezi makali, huku misuli imevimba na kuuma kupita kiasi: ni ishara kwamba misuli imechanika na sumu yake inaweza kuziharibu figo. Katika hali zote mbili nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa Jumamosi, wala usianze kusugua dawa ya misuli ukingoja Jumatatu.